Mipigo mifupi na mikali ya mwanga: inavyosisimua atomu (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya hujirudia kila msomaji anapotoka kwenye sura ya atomu na kukutana na leza za kisasa. Yameanzia kwenye mepesi. Kama misingi unayo, ruka hadi swali la 8, maana huko ndiko mambo yanakonoga.

## Misingi

1. Mpito ndani ya atomu ni nini?

Elektroni za atomu hazishiki nishati yoyote ile zinayotaka. Zina viwango maalumu, na kuhama kutoka kiwango kimoja kwenda kingine ndiko kunakoitwa mpito. Ili elektroni ipande, atomu lazima ipokee nishati inayolingana na tofauti ya viwango hivyo viwili. Katika hidrojeni, kupanda kutoka kiwango cha chini kabisa hadi cha pili kunahitaji elektronivolti 10.2 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomu), yaani mwanga wa urujuani usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Kuing'oa elektroni hiyo kabisa kunahitaji 13.6.

Fotoni moja hubeba nishati inayotegemea marudio ya wimbi lake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kanuni ya shuleni basi ni fupi: marudio yakilingana na mpito, atomu inameza fotoni, yasipolingana, mwanga unapita. Kanuni hiyo ni sahihi kwa mwanga hafifu unaowaka muda mrefu. Karibu kila swali hapa chini linatokana na kuvunja sharti mojawapo kati ya hayo mawili.

2. Mpigo "mfupi" ni mfupi kiasi gani?

Leo, mpigo unaoitwa mfupi huwa wa pikosekunde chache au, mara nyingi zaidi, wa femtosekunde. Pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000. Femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde. Mpigo wa femtosekunde 100 ukiwa hewani una urefu wa mikromita 30 tu kutoka kichwa hadi mkia. Kwa leza ya nanomita 800, ambayo ndiyo ya kawaida katika maabara nyingi, mtetemo mmoja wa wimbi huchukua femtosekunde 2.67, kwa hiyo ndani ya mpigo huo kuna mitetemo kama 37 hivi.

3. Leza yenye nishati ndogo inawezaje kuitwa kali?

Kwa sababu ukali hauhesabu nishati peke yake. Unahesabu pia muda na eneo. Chukua milijuli 1, nishati ambayo huwezi hata kupashia tone la maji ukasikia joto. Ibane ndani ya femtosekunde 100: kwa muda huo mfupi nguvu yake ni wati bilioni 10. Sasa ipitishe kwenye lenzi hadi iwe doa lenye nusu kipenyo cha mikromita 50. Hapo unapata takriban wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba, au 10¹⁴ kwa mkato. Jua la mchana mweupe hutoa takriban wati 0.1 kwa eneo hilohilo.

4. Mbona leza yenyewe haiungui?

Ingeungua, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa kikwazo. Mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester huko Marekani, walionyesha njia ya kukizunguka: mpigo hurefushwa kwanza ili ukali ushuke, hukuzwa ukiwa mrefu, kisha hubanwa tena mwishoni. Walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

## Ufupi wa mpigo unabadilisha nini

5. Nimeambiwa leza ina rangi moja. Iweje mpigo mfupi uwe na rangi nyingi?

Sauti ndefu ya filimbi ina noti unayoweza kuitaja. Kofi moja halina noti, kwa sababu limebeba noti nyingi kwa pamoja. Mwanga nao ni hivyohivyo. Wimbi likidumu kitambo kirefu, marudio yake yanajulikana barabara. Likikatwa fupi, marudio yanatawanyika, na hakuna ufundi wa kulikwepa hilo, kwani ni hesabu ya mawimbi yenyewe.

Kwa mpigo wenye umbo laini la kengele, zidisha muda wake kwa upana wa marudio yake: jibu haliwezi kushuka chini ya 0.44. Mpigo wa femtosekunde 100 kwa hiyo una upana wa terahezi 4.4 (mitetemo trilioni 4.4 kwa sekunde) au zaidi. Kwenye nanomita 800, huo ni mtawanyiko wa takriban nanomita 9. Mstari wa atomu, yaani marudio ambayo mpito wake unayakubali, kwa upande wake huwa mwembamba kuliko hapo kwa mbali sana.

Wengi wakisikia hivyo huuliza kama mwanga wote ulio nje ya mstari unapotea bure. Ukali ukiwa mdogo na mpito ukiwa wa fotoni moja, ndiyo: kinachofanya kazi ni kile kipande kidogo cha wigo (mkusanyiko wa rangi za mpigo) kinachoangukia kwenye mstari. Kwa mipito ya fotoni mbili jibu ni tofauti kabisa (tazama swali la 11).

6. Je, mpigo mmoja unaweza kusisimua viwango viwili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, na hiyo ni moja ya faida zake kubwa. Mfano mzuri ni sodiamu. Ile rangi yake ya manjano ni mistari miwili iliyokaribiana: nanomita 589.0 na 589.6. Leza ya rangi moja inayowaka mfululizo huchagua mmoja. Mpigo wa femtosekunde 100 kwenye manjano hayo una upana wa nanomita kama 5, kwa hiyo unaifunika yote miwili bila shida.

Atomu inayoachwa nyuma haiko kwenye kiwango hiki wala kile. Iko kwenye mchanganyiko wa vyote viwili, na kila kimoja kinatetema kwa kasi yake. Tofauti ya marudio yao ni gigahezi 516 hivi, kwa hiyo vinapishana na kukutana tena kila baada ya pikosekunde 1.94. Ukituma mpigo wa pili kung'oa elektroni, kisha ukaongeza kuchelewa kwake kidogokidogo, unaweza kuona idadi ya ioni (atomu zilizopoteza elektroni) ikipanda na kushuka kwa mwendo huohuo.

7. Mpigo ukishapita, atomu inarudi chini papo hapo?

Hapana. Rubidiamu iliyosisimuliwa kwa nanomita 780 hukaa juu kwa wastani wa nanosekunde 26 kabla ya kutoa mwanga na kushuka. Hizo ni mara 260,000 ya muda wa mpigo wa femtosekunde 100. Mpigo huja, hufanya kazi yake na kuondoka wakati atomu haijapata hata nafasi ya kuanza kushuka. Ndiyo maana katika hesabu za mipigo mifupi, kushuka kwa hiari huwa kunapuuzwa hadi mpigo uishe.

## Kucheza na ukali

8. Nikiongeza ukali, si nitasisimua atomu nyingi zaidi?

Mwanzoni, ndiyo. Baadaye, la. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu picha ya "fotoni nyingi, migongano mingi" inakupotosha.

Acha kuhesabu fotoni. Uangalie uga wa umeme wa wimbi. Uga huo ukitetema sawasawa na mpito, unaisukuma atomu kutoka hali ya chini kuelekea hali ya juu taratibu na kwa mpangilio. Ukiendelea kusukuma baada ya atomu kufika juu, unairudisha chini. Kupanda na kushuka huku kunaitwa mzunguko wa Rabi, kwa jina la Isidor Rabi, aliyeikokotoa tabia hii mwaka 1937 akichunguza atomu ndani ya uga wa sumaku.

Kinachoamua atomu inaishia wapi ni kitu kinachoitwa eneo la mpigo. Chora ukubwa wa uga dhidi ya muda, pima eneo lililo chini ya mstari huo, kisha lizidishe kwa uwezo wa mpito kushikwa na mwanga. Jibu linatoka kama pembe. Pembe ya π (nusu duara) inaipeleka atomu juu kwa ukamilifu. Pembe ya 2π inaipandisha na kuirudisha ilikoanzia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Pembe ya nusu ya π inaiacha katikati, nusu chini na nusu juu. Zingatia jambo moja: mpigo mrefu hafifu na mfupi mkali vinaweza kuwa na eneo lilelile, na matokeo yakafanana.

Taa ya kawaida haiwezi hata kukaribia hapo. Kwa atomu ya viwango viwili, mwanga usio na mpangilio hufikia mahali ambapo kupandisha na kushusha kunalingana, na hauwezi kuvuka nusu ya atomu. Mpigo wa π huzipeleka zote.

Ile 2π nayo si nadharia tupu. Mwaka 1967 Samuel McCall na Erwin Hahn walionyesha kwamba mpigo wa namna hiyo hupenya ndani ya kitu ambacho kwa kawaida hunyonya rangi hiyohiyo. Sehemu ya mbele ya mpigo huzipandisha atomu, sehemu ya nyuma huzishusha na kuchukua tena nishati yake. Mpigo hutoka upande wa pili ukiwa mzima, umechelewa tu.

9. Mpigo wa π unahitaji leza kubwa?

Hapana, na jibu hili hushangaza watu. Tuhesabu. Ule mpito wa rubidiamu wa nanomita 780 una nguvu: kipimo chake cha kushikana na mwanga ni takriban 2.5×10⁻²⁹ katika kulombi-mita. Ukitaka kuukamilisha kwa pikosekunde 1, uga unaohitajika ni kama volti milioni 13 kwa mita, ambao ni ukali wa wati milioni 20 hivi kwa sentimita ya mraba. Kwenye doa la sehemu ya kumi ya milimita kila upande, nishati ya mpigo ni takriban nanojuli 2.

Ulinganishe ukali huo na ule wa 10¹⁴ wa swali la 3: ni chini yake mara milioni kadhaa. Mpito unaolingana na leza ni rahisi kuutimiza. Ukali wa kutisha unahitajika pale ambapo hakuna kinacholingana.

Ila ukifupisha mpigo mara kumi, ukali unaotakiwa hupanda mara mia, na nishati mara kumi. Nao wigo hupanuka na kuanza kugusa mipito jirani ambayo hukuikusudia.

10. Nimejaribu kwenye hesabu na inatoka safi, lakini maabara haikubali. Kwa nini?

Kwa kawaida ni kwa sababu doa la leza halina ukali mmoja. Atomu zilizo katikati hupata π kamili huku za pembeni zikipata nusu au robo. Ukipima zote kwa pamoja, mawimbi ya kupanda na kushuka yanafutana.

Dawa inayotumika sana ni kuupa mpigo mteremko wa marudio: unaanza na marudio ya chini ya mpito na kumalizia na ya juu yake, au kinyume chake. Marudio yakipita kwenye mpito polepole kiasi cha kutosha na uga ukiwa na nguvu, atomu hubebwa juu hata kama ukali si sawa kila mahali. Gharama yake ni kwamba unahitaji nishati zaidi ya ile ya mpigo wa π.

11. Fotoni mbili zinaweza kufanya kazi ya moja?

Zinaweza. Maria Göppert-Mayer aliikokotoa nadharia yake mwaka 1931, lakini hakukuwa na taa yenye ukali wa kuithibitisha. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya yakuti, mwezi Mei 1960, na mwaka uliofuata Wolfgang Kaiser na Charles Garrett wakauona unyonyaji wa fotoni mbili kwenye fuwele.

Hakuna kiwango halisi katikati ambapo atomu inapumzika. Fotoni zote mbili lazima zihusike kwa pamoja, ndiyo maana kasi ya mpito hupanda kwa mraba wa ukali: ukali mara mbili, mipito mara nne. Mpigo mfupi hapa ni mfalme. Ukiwa na nishati ileile na ukaibana kwenye muda mfupi mara kumi, mipito kwa kila mpigo huongezeka mara kumi.

Sheria za mipito nazo hubadilika. Fotoni moja haiwezi kuhamisha elektroni ya hidrojeni kutoka hali ya 1s (ya chini kabisa) hadi 2s (ya kiwango cha pili), kwa kuwa zote mbili zina umbo la mviringo na mpito huo umekatazwa. Fotoni mbili za nanomita 243 zinaweza.

12. Na wigo mpana hauharibu mpito wa fotoni mbili?

Hauharibu, kwa sababu fotoni si lazima zifanane. Moja ikiwa upande wa bluu wa katikati na mwenzake upande wa nyekundu kwa kiasi hichohicho, jumla yao ni ileile. Kila rangi ndani ya mpigo ina mwenza, na jozi zote huchangia mpito mmoja mwembamba.

Kutokana na hilo likazuka jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mwaka 1998 Doron Meshulach na Yaron Silberberg walichukua mipigo ya femtosekunde na kubadilisha awamu za rangi zake (yaani mahali kila wimbi lilipo katika mtetemo wake), bila kupunguza nishati, kisha wakaielekeza kwenye mvuke wa sesiamu. Kwa mpangilio fulani wa awamu, michango ya jozi ilifutana na atomu hazikusisimka kabisa: mwanga upo, nishati ipo, mpito haupo. Kwa mpangilio mwingine, ambamo awamu ya kila rangi ni kinyume cha ya mwenza wake, mpigo ulirefuka na kilele chake kikashuka, lakini mipito haikupungua. Mtu anayehesabu ukali peke yake hawezi kueleza matokeo hayo mawili.

## Pale sheria za kawaida zinapoyumba

13. Viwango vya atomu hubaki palepale mwanga ukiwa mkali sana?

Havibaki. Uga wa leza huvisogeza. Viwango vya juu, vyenye elektroni iliyoshikwa kwa ulegevu, hupanda karibu sawa na nishati ya wastani ambayo elektroni huru ingeipata kwa kutikiswa na wimbi. Kwa nanomita 800 na ukali wa 10¹⁴, hiyo ni elektronivolti 6 hivi, wakati fotoni yenyewe ina 1.55 tu. Kiwango kinasogea kwa zaidi ya fotoni tatu!

Kwa hiyo mpito usiolingana na leza kabla ya mpigo unaweza kulingana katikati yake. Ukali unapopanda, kiwango kinapita mahali pake na kusisimka kwa kitambo kidogo. Unaposhuka, kinapita tena. Mwaka 1987 Richard Freeman na wenzake waliziona alama za jambo hili kwenye nishati za elektroni zilizong'olewa na mipigo mifupi.

14. Einstein alisema fotoni dhaifu haing'oi elektroni hata mwanga uwe mkali vipi. Alikosea?

Maelezo yake ya mwaka 1905 yanahusu fotoni moja kwa elektroni moja, na kwa taa za wakati ule hayana kasoro. Zenoni inahitaji elektronivolti 12.13 ili kupoteza elektroni. Kwa fotoni za 1.55 zinatakiwa 8 kwa pamoja. Kwa mwanga hafifu hilo halitokei kamwe. Kwa ukali wa 10¹⁴ linatokea kwenye kila mpigo. Zaidi ya hayo, mwaka 1979 Pierre Agostini na wenzake waligundua kwamba elektroni inaweza kumeza fotoni za ziada hata baada ya kupata za kutosha kuondoka.

Ukali ukizidi, uga huinamisha ukuta unaoishikilia elektroni, nayo hupenya. Leonid Keldysh alitoa kipimo cha kujua uko upande gani: gawanya nishati ya kung'oa kwa mara mbili ya ile nishati ya kutikiswa ya swali la 13, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu likiwa kubwa kuliko 1, fikiria kwa fotoni nyingi. Likiwa dogo, fikiria kwa kupenya. Kwa zenoni kwenye 10¹⁴ na nanomita 800, jibu ni 1 karibu kamili. Yaani mfano huu umekaa mpakani, na picha zote mbili zinafaa nusunusu.

15. Mipigo ya atosekunde inaingiaje hapa?

Atosekunde ni sehemu moja ya elfu ya femtosekunde. Elektroni iliyopenya inaweza kurushwa nyuma na wimbi, ikagonga ioni yake na kutoa nishati yote kama fotoni moja ya marudio makubwa. Hutokea kila nusu ya mtetemo, na miale hiyo hujipanga kuwa mipigo mifupi kuliko mtetemo wa leza wenyewe. Anne L'Huillier na wenzake waliichunguza kwenye gesi adimu kuanzia mwaka 1987. Mwaka 2001 kundi la Agostini lilipima mfululizo wa mipigo ya atosekunde 250, na la Ferenc Krausz mpigo mmoja wa 650. Watatu hao walishiriki Nobel ya mwaka 2023.

16. Mipigo ya eksirei nayo hufanya hivyohivyo?

La, hiyo huanzia ndani. Uga wake hutetema haraka mno kiasi kwamba elektroni haipati muda wa kusukumwa mbali. Kinachotawala ni fotoni mojamoja zenye nishati kubwa. Fotoni yenye zaidi ya elektronivolti 870 hung'oa elektroni ya ndani kabisa ya neoni. Pengo hilo huzibwa na elektroni ya nje ndani ya femtosekunde chache, na nyingine hutupwa nje. Mwaka 2010, mipigo ya leza ya eksirei ya Stanford, Marekani, iliivua neoni elektroni zake zote 10.

17. Kama mpigo mfupi una wigo mpana, mbona hutumika kwenye vipimo sahihi kuliko vyote?

Hapo hautumiki mmoja. Inatumika mipigo mingi yenye awamu zinazofuatana bila kuteleza. Atomu iliyoguswa na mpigo wa kwanza inaendelea kutetema kwa marudio yake. Mpigo wa pili ukiifikia wakati mitetemo yao inakubaliana, msisimko unajengeka, isipokubaliana, unabomoka. Kwa mipigo inayopishana kwa nanosekunde 10, wigo mpana hugawanyika kuwa meno membamba yaliyoachana kwa megahezi 100, na jino moja likiangukia kwenye mpito, ni jozi ya atomu na jino hilo inayohesabika. John Hall na Theodor Hänsch walipata sehemu ya Nobel ya mwaka 2005 kwa kazi yao katika vipimo hivi.

Sharti ni kumbukumbu: atomu iwe bado inatetema mpigo unaofuata unapofika. Rubidiamu ya swali la 7, yenye nanosekunde 26, inapita mtihani huo kwa shida. Mpito wa 1s hadi 2s wa hidrojeni, ambao hali yake ya juu hudumu takriban sehemu ya nane ya sekunde, hukusanya mamilioni ya mipigo kabla ya kusahau, mradi tu atomu isigongwe wala isitoke nje ya mwali.